Nyundo Yuko Njiani

Kamati ya soko ilipomteua Kipaza kuwa mkuu wa burudani, aliyeshangaa kuliko wote ni Kipaza mwenyewe. Mdomo alikuwa nao, hilo halina ubishi. Aliuza makava ya simu karibu na geti, na sauti yake ilifika kwenye meza za samaki bila msaada wa umeme. Lakini katika umri wake wote hakuna mtu aliyewahi kumkabidhi jambo kubwa kuliko "nishikie hapa, narudi sasa hivi". Kwa hiyo alipoitwa kwenye ofisi ya kamati, chumba cha mabati chenye meza moja, mzani mbovu na viti visivyofanana, kila kimoja na mama yake, alikwenda huku akijiandaa kuomba msamaha, ingawa hakujua wa nini.

"Kelele unazipiga bure kila siku," Mama Viazi alimwambia. Huyo ndiye mwenyekiti, na viazi aliuza kweli, jina halikutoka mbali. "Sasa zipige kwa faida. Soko linakufa, mwanangu. Tangu lile duka la vioo lifunguliwe barabarani, watu wanapita hapa getini wametazama mbele kama askari wa gwaride."

"Kule kuna kiyoyozi," alisema Bucha, muuza nyama, ambaye aliingia kwenye kamati kwa sababu hakuna aliyethubutu kumkatalia mtu mwenye shoka. "Hapa kuna inzi. Labda huyu kijana atawafundisha inzi kucheza."

"Kila Jumamosi nataka kitu," Mama Viazi akaendelea. "Mwimbaji, mchoraji, mtu anayemeza moto, shauri yako. Mimi sanaa siijui. Mimi najua mtu akisimama, ananunua. Wasimamishe."

Kipaza alitoka pale kichwa kimevimba hata mlango ukawa mwembamba. Wiki nzima hakuuza kava hata moja kwa mtu bila kumweleza kwamba yeye sasa ni kamati.

Jukwaa alilitengeneza kwa mbao za kubebea vitunguu na milango miwili ya kibanda kilichobomolewa. Spika aliazima kwa muuza sumu ya panya, spika nzuri, ila ilikuwa na wazimu wake: tangazo la sumu lilikuwa limehifadhiwa ndani yake na lilijianzia lenyewe lilipojisikia. Jumamosi ya kwanza jukwaa aliliweka getini, akidhani amefanya la maana. Watu wakajaa barabarani, wakatazama bure, wakachangamka, halafu na uchangamfu wao wakaenda zao kununua kwenye duka la vioo. Mama Viazi alimtazama tu, na Kipaza akalihamisha jukwaa jioni ile ile hadi mwisho kabisa wa soko, nyuma ya samaki, ili mtu asiweze kulifikia bila kupita nyanya, vitunguu, viatu na ndoo.

Hapo alikuwa amepatia. Kilichobaki ni cha kuwaonyesha. Akaleta mwalimu mmoja mwenye mashairi ya mapenzi. Muuza dagaa akalala usingizi wa kukoroma katikati ya ubeti. Akaleta mchekeshaji, vichekesho vyake watu walivijua, wakawa wanamalizia wao. Akaleta mchoraji wa sura, akamchora mke wa Bucha jinsi alivyo, na hilo lilikuwa kosa. Katikati ya yote hayo spika ilikuwa ikisema: "Panya! Mende! Kunguni! Usiku mmoja tu, wote chali!" Hiyo peke yake ndiyo iliyowahi kupigiwa makofi.

"Kuna jamaa anataka ile nafasi aoshee magari," Mama Viazi alimwambia baadaye, kwa upole, na upole wake ulitisha kuliko ukali. "Wajumbe wanamtaka. Mimi nimesema tukupe Jumamosi nyingine moja. Usinivue nguo mbele za watu."

Kipaza alijibu kwamba ana vijana wa sarakasi ambao wakiruka hawarudi chini mpaka waombwe. Alicheka alipokuwa akisema. Alipofika kwenye meza yake, rundo moja la makava alilihesabu mara tatu.

*

Nyumbani kwao palikuwa na vyumba viwili, cherehani moja, dada mmoja na baba. Mama alikuwa ametangulia siku nyingi. Dada alikuwa fundi wa nguo, na alishonea pale pale sebuleni kwa sababu baba hakuweza tena kuachwa peke yake. Zamani baba alikuwa mwimbaji na mpiga gitaa la solo katika bendi iliyopiga mahotelini, harusini na popote pale palipofunguliwa kitu. Sasa alikuwa na ugonjwa wa kusahau. Ulianza na funguo, ukaenda kwenye njia ya kurudi nyumbani, ukafika kwenye majina. Kipaza alikuwa anaitwa "kijana", siku nyingine "fundi", na siku moja ya mkosi aliitwa "bwana afya", akakaguliwa kucha.

Mtu mmoja tu hakusahaulika: Nyundo. Huyo ndiye aliyekuwa mpiga besi wa bendi, na jina alipewa kwa namna alivyozigonga nyuzi. Alikuwa kwa baba zaidi ya ndugu. Alifariki katika ajali ya gari, wakati bendi inarudi kutoka kupiga muziki, Kipaza akiwa bado mtoto wa kaptula. Baba alibeba jeneza, akatundika gitaa ukutani, akaenda kuajiriwa kutunza stoo.

Mara ya kwanza alipouliza Nyundo yuko wapi, dada alimjibu ukweli kama mtu mwenye akili timamu anavyomjibu mwenziwe. "Baba, si alishafariki zamani?" Baba alivua viatu, akakaa sakafuni, akalia kilio cha mtu aliyepata habari dakika ile. Majirani wakaja mbio. Asubuhi alikuwa amesahau yote, akauliza tena. Dada akajibu tena. Ikawa vile vile, viatu, sakafu, kilio. Mtu alikuwa anafiwa upya kila siku, na waliokuwa wakimfisha rafiki yake ni watoto wake mwenyewe.

Ndipo wakakubaliana. Nyundo yuko njiani. Akiuliza wakati wa chai, yuko njiani. Akiuliza katikati ya kuoga, yuko njiani, baba, inua mkono. Naye baba hutikisa kichwa: "Huyo naye kwa kuchelewa!" Kisha anaendelea na chai yake. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria kubwa ya nyumba ile, na dada aliilinda kuliko kufuli ya mlango.

Jumamosi ile ya mwisho, dada alikwenda kupeleka sare za shule kwa mteja, akamwachia Kipaza baba. Kipaza akamchukua baba na gitaa lake, kwa sababu gitaa likiwa karibu baba hutulia, akamkalisha nyuma ya meza ya makava. Saa nne ikapita. Vijana wa sarakasi wakatuma ujumbe: mmoja ameteguka mguu, na bila yeye wale wengine hawana wa kumkanyaga. Kipaza alitazama kule mwisho wa soko, kwenye jukwaa tupu. Akamtazama Mama Viazi, aliyekuwa amesimama kando ya viazi vyake, mikono kiunoni. Akamtazama baba, aliyekuwa anapapasa nyuzi taratibu, na vidole vyake havikukosea.

"Baba, utawapigia watu wimbo mmoja?"

"Wapo?"

"Wapo."

"Basi unauliza nini?"

Na kweli alipiga. Gitaa lilitoka safi, sauti ilikuwa imepauka lakini bado ilijua inakokwenda. Wapita njia kumi hivi wakasogea. Halafu, katikati ya wimbo, baba akaacha kuimba. Akageuka kulia, mahali ambapo mpiga besi husimama, akapaona patupu.

"Nyundo yuko wapi?" akauliza kwenye maikrofoni.

Soko likanyamaza. Kipaza akaona sakafu, viatu na kilio vinakuja mbele za watu. Akapaza sauti kama alivyozoea nyumbani: "Yuko njiani, baba!"

"Njiani!" Baba akaweka mkono kiunoni. "Watu wamevaa, wamejipulizia marashi, wameacha watoto nyumbani, yeye yuko njiani! Huyu siku ya kuzaliwa kwake alifika mkunga ameshaondoka!"

Mtu akacheka. Kisha watu watano, kisha safu yote ya samaki. Baba akamwona muuza dagaa amekaa kwenye kiti. "Na wewe, nani kakukalisha kwenye kiti cha Nyundo?" Muuza dagaa akainuka kwa heshima kabisa. Watu wakashika mbavu. Spika nayo, kama iliyotumwa, ikaingilia: "Panya! Mende! Kunguni!" Baba akageuka polepole, akaitazama. "Huyu anayeimba sehemu ya Nyundo ni nani? Hata sauti hajapasha!"

Walikuja watu kutoka barabarani kuuliza kuna nini. Walisimama. Waliosimama walinunua. Mchana Mama Viazi alikuwa ameketi juu ya magunia matupu, anajipepea kwa kipande cha boksi.

"Mzee yule ni moto," akasema.

"Ni baba yangu."

"Basi baba yako ni moto. Jumamosi ijayo tena."

Kipaza akamsogelea. "Mama, yule... haigizi."

Mama Viazi aliacha kujipepea. Alimtazama kama mtu anayechagua kiazi kizima kati ya vibovu. "Anafurahi akiwa pale juu?"

"Anafurahi."

"Basi usiniambie mengine," akasema, akaanza kujipepea tena.

*

Soko likapona. Jamaa wa kuosha magari akatafuta pengine. Maneno yale yakawa ya kila mtu: mteja akidai chenji, anaambiwa iko njiani na Nyundo; basi likichelewa, dereva ni Nyundo; bibi harusi mmoja wa mtaani, bwana alipokawia kufika, wapambe wake walilisema hilo kanisani, mchungaji akacheka. Vijana walirekodi kwa simu. Waliokuja Jumamosi walikaa wakisubiri baba ageuke kulia, na kabla hajafungua kinywa wakamuuliza wao, soko zima kwa sauti moja: "Nyundo yuko wapi?" Kipaza sasa alishika maikrofoni ya pili, akawa anajibu kwa madaha, anatia chumvi: yuko njiani, amepanda punda, punda naye amemsahau njiani. Baba akimkaripia, watu huanguka kwa kicheko.

Dada hakuchelewa kujua, maana simu za majirani hazina siri. Aliacha cherehani, utepe wa kupimia shingoni.

"Unamfanya baba kikaragosi."

"Namfanya ajisikie. Hujamwona anavyoamka mapema, anadai koti lake? Lini mara ya mwisho alidai koti hapa ndani?"

"Wanamcheka."

"Watu wakifurahi wanacheka, dada."

"Wewe ukianguka kwenye matope watu wakacheka, hiyo nayo ni burudani?"

"Wakija tena Jumamosi inayofuata, ndiyo."

Alimrushia utepe ukampata sikioni. Kipaza akacheka; dada hakucheka. "Ile 'yuko njiani' tuliitengeneza mimi na wewe," alisema, "ili baba asilie. Umeitoa nje. Siku mtu wa nje akiamua kuijibu anavyotaka yeye, utamzibaje mdomo?"

Kipaza alitaka kujibu kwa mzaha, na mzaha ulikuwepo kabisa mdomoni. Lakini baba alitoka chumbani amevaa koti, kitufe kimoja juu na kingine chini, uso unang'aa kama wa mtoto siku ya picha. "Leo tunapiga wapi?" Ilikuwa Jumanne. Dada akageukia cherehani yake. Kuanzia hapo hakumzuia tena, ila kila Jumamosi alikuja sokoni naye, akasimama nyuma ya meza ya samaki, mikono amekunja, hacheki.

*

Jumamosi iliyoharibu kila kitu ilianza vizuri kuliko zote. Kipaza alimkuta baba amekaa kitandani, koti amelifunga sawasawa, viatu amevipaka rangi mwenyewe. Akamwita Kipaza kwa jina lake la kuzaliwa, lile ambalo hata mwenyewe alikuwa amelisahau kidogo.

"Kaa hapa, mwanangu."

Kipaza akakaa.

"Najua kichwa changu kina matundu," baba alisema. "Leo hakina. Sijui kesho. Dada yako ameniambia mnanipeleka sokoni nikapige. Ni kweli?"

"Ni kweli, baba."

"Nawapigia vizuri?"

"Vizuri sana. Wanakupenda."

Baba alimtazama muda mrefu, macho ya mzazi, yale yasiyokubali kava bandia. "Leo nitapiga nyimbo mbili, mwanzo mpaka mwisho, kama mtu. Nikianza kupotea, usiniache pale juu. Nishike mkono unitoe. Utanifanyia hivyo?"

"Nitakufanyia."

"Sema wallahi, maana wewe mdomo wako naujua."

Kipaza akaapa. Baba akacheka, akampiga begani, na Kipaza akatoka pale nyumbani siku ile akiwa mtoto wa mtu, jambo ambalo hakuwa amelihisi kwa muda mrefu.

Soko lilikuwa halina pa kuweka mguu. Mama Viazi alikuwa amewaalika wakubwa wa manispaa, watatu, na matumbo yao, waje wajionee kama kweli soko linastahili kuezekwa upya. Walikalishwa mbele kabisa, soda mkononi. "Leo ndiyo leo," Mama Viazi alimnong'oneza Kipaza. "Paa letu liko mdomoni kwako."

Baba alipanda. Hakutafuta kiti, hakuuliza kitu. Alisalimia watu kwa adabu ya wanamuziki wa zamani, akaanza. Na alipiga, jamani. Alipiga wimbo wa taratibu wa mtu anayemwandikia mkewe akiwa kazini mbali, na kila neno lilikuja mahali pake. Nyuma ya samaki, dada alikunjua mikono yake. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

Lakini watu hawakuwa wamefuata wimbo. Waliusikiliza ubeti wa kwanza kwa heshima, wakingoja ageuke kulia. Ubeti wa pili wakaanza kutazamana. "Leo vipi?" "Ngoja, anakuja." Hakugeuka. Wimbo ukaisha, makofi yakawa ya mtu aliyevaa glavu. Baba akaanza wa pili, nao wa taratibu. Nyuma watu wakaanza kutoka. Mmoja wa wakubwa akachungulia simu yake. Vijana wachukuzi, waliokuwa wamekaa juu ya mikokoteni, wakapiga kelele: "Nyundo yuko wapi?" Baba akatabasamu kidogo, akatikisa kichwa, akaendelea kuimba. Alikuwa ameyasikia na alikuwa ameyapita. Watu wakazidi kutoka.

Mama Viazi alimtazama Kipaza kutoka upande wa pili wa jukwaa. Hakufanya ishara yoyote. Baadaye, kila alipotaka kumlaumu, Kipaza alikumbuka hilo: hakufanya ishara yoyote.

Kipaza aliinua maikrofoni ya pili. Alijua tundu liko wapi katika kichwa kile. Alikuwa ameishi kando yake miaka. Si kuuliza. Kuuliza baba alikuwa amekuvuka. Aliongea kwa sauti ya chini, ya mambo ya kazi, kama mtu wa bendi anavyomwambia mwenzake:

"Kaka, piga tu bila besi. Nyundo hajafika."

Vidole vya baba vikasimama. Akageuka kulia. Uso wake, Kipaza aliuona wote kwa sababu alikuwa karibu, ulikwenda polepole, kama maji yanavyoondoka kwenye beseni lililotoboka. Kabla haujaisha kwenda, baba alimtazama. Alimtazama akimjua ni nani.

Halafu akasema, "Nyundo yuko wapi?"

Soko likalipuka. Waliokuwa wametoka wakarudi mbio. Wakubwa wa manispaa wakacheka mpaka soda ikawatoka puani. Na kule juu ya mkokoteni, mchukuzi mmoja aliyekuwa amesikia jibu lile lile Jumamosi zote, akaona alitie ladha mpya. Akaweka mikono mdomoni:

"Mzee, Nyundo alishakufa!"

Kicheko kilikuwa kikubwa kuliko vyote vilivyowahi kusikika pale. Baba alisimama akikisikiliza. Akaweka gitaa chini taratibu. Akainama, akavua kiatu cha kulia, akavua cha kushoto, akavipanga. Watu wakapiga makofi. Hilo walikuwa hawajawahi kuliona. Akakaa juu ya zile mbao za vitunguu, akaanza kulia, mdomo wazi, mate yanamtoka. Wakacheka zaidi. Kuna mwanamke aliyesema, "Jamani anajua huyu, ona mpaka machozi!" Wengine walianza kunyamaza, mmoja mmoja, kuanzia mbele. Wale wa nyuma hawakuwahi kunyamaza, maana walikuwa hawaoni vizuri.

"Mnacheka nini?" baba aliuliza, na maikrofoni ilikuwa karibu, ikalipeleka swali mpaka getini. "Nyie watu. Mnacheka nini?"

Kipaza alikuwa ameapa kumshika mkono. Mkono mmoja ulikuwa mtupu, mwingine ulikuwa na maikrofoni, na hakuna hata mmoja uliomtii. Dada ndiye aliyepanda. Alipita katikati ya meza za samaki, akapindua beseni, akampakata baba kichwa, akamfunika uso kwa khanga yake ili watu wasimwone. Hakumtazama mdogo wake. Alisema tu, "Zima hicho kitu." Kipaza akazima.

*

Paa lilipatikana. Wakubwa wa manispaa walisema hawajacheka vile tangu waanze kazi. Mama Viazi alileta gunia la viazi mpaka mlangoni, akalitua, akasimama kidogo, akaondoka bila kubisha hodi. Bucha, ambaye hajawahi kuwa na neno la upole, alikuja akasema burudani isimame kwanza. Kipaza akasema ndiyo. Alisema ndiyo kwa kila kitu siku zile. Makava aliyapanga mezani na watu wakajichagulia wenyewe kimya kimya.

Nyumbani walisubiri asubuhi. Asubuhi siku zote ilikuwa inafuta. Dada alichemsha chai, akakata mkate, wakakaa wakimtazama baba anavyotoka chumbani. Alitoka amevaa koti.

"Tunazika saa ngapi?" akauliza.

Dada akajikaza. "Baba, kunywa chai. Nyundo yuko njiani."

"Usinidanganye, mama," baba alisema, bila hasira. "Nimeambiwa mbele za watu."

Kichwa kile kilikuwa kinamwaga kila kitu: chakula alichokula, mlango wa choo, mke aliyemzalia watoto. Hili hakikulimwaga. Siku iliyofuata aliuliza saa ya mazishi. Wiki iliyofuata pia. Wakajaribu kumwambia mazishi yalishafanyika, kwamba yeye mwenyewe alibeba jeneza. Akawajibu kwamba mtu hawezi kubeba jeneza akasahau. Mwishowe dada akatafuta njia: kila asubuhi alimshika mkono wakazunguka mtaa polepole kama waendao mazikoni, baba ameinamisha kichwa, kisha wakarudi, na baba akanawa mikono, akatulia mpaka kesho yake. Kipaza kazi yake ikawa kupaka rangi viatu vya mzee kabla hawajatoka. Ndiyo kazi pekee aliyopewa, na aliifanya vizuri, akichuchumaa mbele ya kiti.

Ila kulikuwa na swali lingine, na hilo halikuwa na njia. Baba alikuwa akiliuliza akiwa ameinua mguu, anavalishwa. "Hivi wale watu walikuwa wanacheka nini?" Dada alizoea kujibu kwamba hawakusikia vizuri. Kipaza alizoea kuinama zaidi kwenye kiatu.

Asubuhi moja dada alikuwa bado jikoni, na swali likaja.

"Kijana, wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Walikuwa wanacheka nini?"

Kipaza alipiga brashi mara kadhaa mahali palipokuwa pameshang'aa. "Walikuwa wanakucheka wewe, baba. Mimi ndiye niliyewapangia wacheke. Ulikuwa mzima siku ile, ulikuwa unaimba vizuri, na mimi nikakuvuruga kwa makusudi."

Baba alimsikiliza mpaka mwisho, kwa makini, kama mtu anayepokea taarifa kutoka kwa mgeni. Hakukunja uso. Alifikiri. Kisha akauvuta mguu wake kutoka mikononi mwa Kipaza, akainama kwa shida, akaanza kufunga kamba mwenyewe. Zilimshinda. Akaziacha zinaning'inia.

"Basi wewe," akasema, "usije mazikoni."

Dada alitoka jikoni akifuta mikono. Akamwona baba amesimama, akamshika mkono kama kawaida. Walishuka ngazi, kamba za viatu zikiburuzika vumbini, wakapinda kona kwenye duka la mkaa. Kipaza akabaki amechuchumaa mbele ya kiti, na brashi mkononi.